Kutoka Kulala hadi Kuamka: Historia ya Usingizi wa Kompyuta Mpakato, Viendeshi Vyake na Pengo la Istilahi za Kiswahili kwa Mafundi wa Gitega na Muyinga

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya uwezo wa kompyuta mpakato kulala na kuamka tangu mwaka 1992, na kuihusisha na historia fupi ya ujanibishaji wa programu kwa Kiswahili. Hoja yake ni kwamba jukumu la kuilaza na kuiamsha mashine limehama kwa hatua kutoka kwenye ubao mama hadi mfumo endeshi, na kutoka mfumo endeshi hadi kiendeshi cha kila kifaa, ilhali istilahi za Kiswahili zimebaki kwenye menyu na vitufe. Kwa sababu hiyo, fundi anayefanya kazi kwa Kiswahili huachwa bila maneno pale hasa hitilafu inapotokea. Gitega na Muyinga, nchini Burundi, zimechukuliwa kuwa mahali pa kulitazama tatizo hili, kwa kuwa huko Kirundi, Kifaransa, Kiswahili na Kiingereza hukutana juu ya mashine moja, na umeme usiotabirika huifanya hali ya kulala kuwa hitaji la kila siku. Makala yanamalizia kwa mapendekezo kuhusu istilahi, mafunzo na ununuzi wa vifaa vya umma.

1.0 Utangulizi

Neno kompyuta mpakato limetokana na kitenzi pakata, yaani kumweka mtoto mapajani. Ni istilahi iliyobuniwa kwa busara, kwani inamweleza mtumiaji jinsi chombo kinavyoshikwa. Hata hivyo, mtoto anayepakatwa hulala na kuamka, na historia ya mashine hii kwa sehemu kubwa ni historia ya namna wahandisi walivyotaabika kuifundisha mambo hayo mawili. Kulala hakukuwa kugumu sana. Ugumu ulikuwa katika kuamka.

Hitilafu za kundi hili zinajulikana na kila anayetengeneza kompyuta. Mtumiaji hufunga kifuniko, na anapokifungua hukuta skrini nyeusi ingawa feni inazunguka. Au mashine huamka, lakini Wi-Fi, sauti au kibao cha mguso havifanyi kazi. Au hukataa kulala kabisa. Au hujiamsha yenyewe ndani ya mkoba, ikapata joto na kumaliza betri. Wenye mashine huilaumu betri, virusi au uzee wa chombo. Lakini mara nyingi chanzo ni kiendeshi, yaani programu ndogo inayosimama kati ya mfumo endeshi na kifaa kimoja: kadi ya picha, kadi ya mtandao, kidhibiti cha USB na kadhalika.

Suala hili si la mafundi peke yao. Kompyuta iliyotangazwa kuwa imekufa ilhali kinachohitajika ni kubadili kiendeshi ni hasara kwa shule, kwa zahanati na kwa ofisi ya tarafa. Na kama fundi hana maneno ya kuitenganisha hitilafu ya kiendeshi na hitilafu ya betri, hasara hiyo itarudiwa. Ndiyo maana mtafiti wa lugha ana haki ya kuingia katika mjadala huu.

2.0 Gitega na Muyinga: mazingira ya lugha na ya umeme

Kiswahili si mgeni katika miji hii miwili. Wajerumani walihamishia makao ya utawala wao wa Urundi Gitega mwaka 1912, na Kiswahili kikawa lugha ya askari, karani na mfanyabiashara. Baada ya Wabelgiji kushika nchi mwaka 1916, Kifaransa kilitwaa ofisi na shule kwa hatua, nacho Kiswahili kikabaki katika mitaa ya mijini na katika biashara. Muyinga, iliyo kaskazini mashariki, inakipata pia kupitia barabara ya Kobero, mpakani na Tanzania, ambako malori na wachuuzi hupita kila siku. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kikaingia katika masomo ya shule za msingi pamoja na Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Gitega yenyewe ilifanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, na kwa hiyo mahitaji ya kompyuta za ofisi yameongezeka.

Fundi wa kompyuta katika miji hii huishi ndani ya lugha nne. Mteja humweleza shida kwa Kirundi au Kiswahili. Menyu za mashine huwa kwa Kifaransa, na kibodi nyingi ni za mpangilio wa Kifaransa. Mashine zinazoingia kupitia Tanzania au Kenya aghalabu huja na menyu za Kiingereza. Na hitilafu inapotokea kwa kina, ujumbe wa mfumo huandikwa kwa Kiingereza bila kujali lugha iliyochaguliwa.

Umeme nao una nafasi yake. Mradi wa maporomoko ya Rusumo, wenye uwezo wa megawati 80 zinazogawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania, umeleta njia ya kusafirisha umeme hadi Gitega kupitia Muyinga, nayo ni hatua kubwa. Lakini kukatika kwa umeme hakujaisha, na uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni umeifanya jenereta kuwa tegemeo la mashaka. Mahali ambapo umeme ni wa uhakika, kuilaza kompyuta ni starehe. Mahali ambapo umeme hukatika katikati ya kazi, kuilaza ni njia ya kuokoa chaji iliyobaki na kazi ambayo haijahifadhiwa. Hitilafu ya kuamka, basi, huwaumiza zaidi wale wanaoihitaji zaidi huduma hiyo.

3.0 Historia ya usingizi: jukumu lililohamahama

3.1 Zama za ubao mama, 1992 hadi 1996

Mwaka 1992 kampuni za Intel na Microsoft zilitoa kanuni iliyojulikana kama APM. Chini ya kanuni hiyo, kazi kubwa ya kulaza na kuamsha ilifanywa na BIOS, yaani programu asilia iliyomo kwenye ubao mama. Mfumo endeshi uliomba tu. BIOS ndiyo iliyozima na kuwasha. Faida yake ni kwamba aliyetengeneza mashine ndiye aliyejua vifaa vilivyomo. Kasoro yake ni kwamba mfumo endeshi haukujua kinachotendeka chini yake. Hitilafu ilipotokea, fundi hakuwa na pa kutazama, kwa kuwa BIOS haikuacha maelezo.

3.2 Zama za mfumo endeshi, tangu 1996

Desemba 1996, Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa kanuni mpya, ACPI, iliyohamishia maamuzi kwenye mfumo endeshi. ACPI iliziainisha hali za mashine kwa herufi na tarakimu, kuanzia S0, mashine ikiwa macho, hadi S5, ikiwa imezimwa. Mbili zinatuhusu hapa. Katika S3, kichakataji na takriban vifaa vyote hukatiwa umeme, na kumbukumbu ya RAM peke yake huendelea kulishwa umeme kidogo. Katika S4, yaliyomo kwenye RAM huandikwa kwenye diski, kisha mashine huzimwa kabisa.

Badiliko hili lilizaa mzigo mpya. Kifaa kinapokatiwa umeme katika S3 husahau mipangilio yake yote. Ni lazima kiendeshi chake kiyahifadhi mapema na kuyarudisha wakati wa kuamka, na kwa mpangilio sahihi, kwa kuwa kifaa kimoja hutegemea kingine. Kiendeshi kimoja kisipotimiza wajibu wake, mashine nzima inaweza kuganda. Kwa maneno mengine, tangu 1996 uzima wa usingizi umekuwa mnyororo, na nguvu ya mnyororo ni ile ya pete yake iliyo dhaifu kuliko zote.

Zaidi ya hayo, ACPI hutegemea majedwali yanayoandikwa na mtengenezaji wa kila ubao mama. Wengi wao waliyajaribu majedwali hayo kwa Windows peke yake. Watumiaji wa Linux ndio waliolipa gharama.

3.3 Skrini nyeusi na ufumbuzi wake

Kisa cha kadi ya picha kinatosha kuonyesha jambo hili. Mashine inapowashwa, BIOS huiandaa kadi ya picha. Inapoamka kutoka S3, BIOS haina wajibu wa kufanya hivyo tena. Kiendeshi kisichojua kuiandaa kadi kutoka mwanzo huiacha skrini ikiwa nyeusi, ingawa kila kitu kingine kimeamka. Kwa miaka kadhaa watumiaji wa Linux waliishi kwa orodha za mbinu za kubahatisha, kila modeli na dawa yake. Nafuu kubwa ilipatikana mwaka 2009, pale toleo la 2.6.29 la kiini cha Linux lilipohamishia ndani ya kiini kazi ya kuandaa skrini za kadi za Intel. Kiendeshi kikawa na mamlaka kamili juu ya kifaa, na mamlaka yakaambatana na wajibu.

Kulikuwa na kikwazo kingine: jinsi ya kujua kiendeshi kipi kina kosa, ikiwa skrini imekufa na diski haijaamka kiasi cha kuandikwa chochote. Mwaka 2006 Linus Torvalds aliingiza njia ya werevu. Kila hatua ya kuamka huandikwa kwa alama fupi katika saa ya ndani ya kompyuta, ambayo haipotezi kumbukumbu mashine inapowashwa upya kwa nguvu. Baada ya kuwasha, mfumo huisoma saa hiyo na kutaja mahali uamkaji ulipokomea. Saa huharibika majira yake, lakini mkosaji hujulikana.

3.4 Zama za kukesha, tangu 2012

Windows 8, iliyotolewa mwaka 2012, ilileta hali ambayo mashine hailali kabisa. Hubaki katika S0 huku vifaa vikipunguza matumizi ya umeme kimoja kimoja, kama simu ya mkononi. Windows 10 ya mwaka 2015 ilipanua mpango huo, na kompyuta nyingi mpya zimeiacha S3 moja kwa moja. Linux iliingiza hali inayofanana nayo mwaka 2013.

Katika hali hii kiendeshi kimekuwa na uzito kuliko wakati wowote. Kifaa kimoja ambacho kiendeshi chake hakikiruhusu kutulia kinatosha kuizuia mashine nzima isifikie utulivu. Dalili nazo zimebadilika. Zamani malalamiko yalikuwa kwamba mashine haikuamka. Sasa ni kwamba haikulala. Mtumiaji huifunga usiku ikiwa na chaja ya kutosha na kuikuta asubuhi haina kitu. Fundi asiyeijua historia hii atauza betri mpya, na betri mpya nayo itaisha vilevile.

4.0 Istilahi zilizobaki mlangoni

Ujanibishaji wa programu kwa Kiswahili ulipata msukumo mwaka 2004. Mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, na mwaka huohuo Microsoft ilitangaza nia ya kutafsiri bidhaa zake kwa Kiswahili. Mwaka 2011 ilitoka Kamusi Sanifu ya Kompyuta ya Kiputiputi. Kazi hizo zilithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba teknolojia, na hazistahili kubezwa.

Hata hivyo, zilishughulikia zaidi kile ambacho mtumiaji hukiona: faili, hariri, chapisha, hifadhi. Ujumbe wa kiini cha Linux haukutafsiriwa, na hautafsiriwi kwa lugha yoyote. Ujanibishaji ulifika sebuleni, haukufika jikoni. Mashine husalimia kwa Kiswahili, lakini ikiugua hulalama kwa Kiingereza. Matokeo yake yanaonekana katika mambo matatu.

Kwanza, neno kiendeshi limebebeshwa mizigo miwili. Baadhi ya waandishi hulitumia kwa programu inayoendesha kifaa, na wengine kwa chombo cha kuhifadhia data. Maelekezo ya kuondoa kiendeshi na kukiweka upya yanaweza kumfanya mwanafunzi achomoe diski.

Pili, Kifaransa na Kiswahili havioni jambo moja. Menyu ya Kifaransa husema mashine imewekwa katika hali ya veille, neno ambalo kwa asili ni kukesha, kuwa macho ukilinda. Kiswahili, kwa kufuata Kiingereza, husema mashine imelala. Kwa S3, Kiswahili kiko karibu zaidi na ukweli, kwani mashine iliyo katika S3 haijui lolote. Usingizi wake ni nusu ya mauti. Kwa hali mpya ya baada ya 2012, Kifaransa ndicho kilicho karibu na ukweli, kwa kuwa mashine inakesha. Mwanafunzi wa Gitega anayesikia lugha zote mbili angefaidika kama tofauti hiyo ingefundishwa waziwazi badala ya kuachwa imchanganye.

Tatu, na hili ndilo lenye madhara zaidi, ni ushauri wa "zima uwashe". Tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida hakuzimi kila kitu ikiwa uanzishaji wa haraka umewezeshwa. Mfumo huhifadhi kiini na hali ya viendeshi kwenye diski, kisha huvirudisha unapowashwa. Kiendeshi kilichopotoka hulala na upotovu wake na kuamka nao. Amri ya kuanzisha upya ndiyo inayoviondoa viendeshi vyote na kuvipakia kutoka mwanzo. Katika Kiswahili cha kila siku mambo haya mawili husemwa kwa kauli moja. Fundi huambiwa kwenye simu kwamba mteja amezima na kuwasha mara tatu bila nafuu. Mteja hasemi uongo, na fundi hakosei kuamini, lakini kitendo kilichohitajika hakikufanyika hata mara moja.

5.0 Utaratibu wa utatuzi unaofundishika kwa Kiswahili

Historia iliyoelezwa hapo juu inatoa utaratibu ambao mwalimu wa chuo cha ufundi anaweza kuufundisha bila kukopa sentensi za Kiingereza.

Hatua ya kwanza ni kuuliza mashine inajua kulala kwa namna gani. Katika Windows, amri ya powercfg /a huorodhesha hali zinazopatikana. Katika Linux, faili la /sys/power/mem_sleep hutoa jibu hilo. Bila jibu hili, fundi anatibu ugonjwa asioujua.

Hatua ya pili ni kuitaja dalili kwa usahihi: haikulala, haikuamka, imeamka na upungufu, imejiamsha, au imemaliza betri ikiwa imelala. Dalili ya tatu humtaja mshukiwa yenyewe, yaani kiendeshi cha kifaa kilichokosekana. Dalili ya pili ikiwa na skrini nyeusi huelekeza kwenye kadi ya picha.

Hatua ya tatu ni kuanzisha upya, si kuzima na kuwasha, kisha kujaribu tena.

Hatua ya nne ni kutenga. Vifaa vya USB vichomolewe. Kiendeshi kinachoshukiwa kizimwe au kiondolewe kwa muda, na mashine ilazwe. Linux ina jaribio la ngazi, pm_test, ambalo hufanya sehemu tu ya safari ya kulala, husubiri sekunde chache na kurudi. Ngazi inayoshindwa huonyesha tatizo liko kwenye programu, kwenye viendeshi au kwenye ubao mama.

Hatua ya tano ni kurekebisha: kusasisha kiendeshi kutoka kwa mtengenezaji wa mashine, kurudi kwenye toleo la awali ikiwa tatizo lilianza baada ya sasisho, au kusasisha BIOS. Hili la mwisho lisifanywe bila umeme wa uhakika, kwani umeme ukikatika katikati, ubao mama unaweza kuharibika. Kwa Gitega na Muyinga onyo hili si la kupamba ukurasa.

Pale ambapo tiba haipatikani, iko njia ya kukwepa: kutumia S4 badala ya S3. Katika mazingira ya betri kuukuu, S4 ni salama zaidi hata kwa mashine nzima, kwa sababu betri ikifa ghafla wakati wa S3, kazi isiyohifadhiwa hupotea. Ikifa wakati wa S4, kazi ipo kwenye diski.

6.0 Mapendekezo

Kuhusu istilahi, makala yanapendekeza kwamba kiendeshi kibaki kwa programu ya kifaa peke yake, na diski itumike kwa chombo cha kuhifadhia. Kwa hali tatu za usingizi, Kiswahili kina hazina yake: kusinzia kwa hali ya baada ya 2012, ambayo ni usingizi wa mang'amung'amu, kulala kwa S3, na kujihifadhi kwa S4. Kuanzisha upya kusiwe kisawe cha kuzima na kuwasha katika mwongozo wowote wa umma. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ingefaa kuyajadili mapendekezo haya pamoja na BAKITA na wataalamu wa Burundi, na kutoa faharasa ya Kirundi, Kifaransa na Kiswahili. Orodha isiwe ya menyu tu. Ianze na dalili za hitilafu.

Kuhusu ununuzi, zabuni za kompyuta za shule na ofisi ziweke sharti la jaribio wakati wa kupokea: kila modeli ilazwe na kuamshwa mara kadhaa, ikiwa na chaja na bila chaja, na vifaa vyote vikaguliwe baada ya kila kuamka. Jaribio hili halihitaji chombo chochote cha ziada. Lina uzito zaidi sasa, kwa kuwa msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani zitaelekezwa kwenye Linux. Uamuzi huo unaweza kuwa mzuri, lakini usifanywe kabla ya kujua kama mashine husika itaamka.

Kuhusu mafunzo, hitilafu za viendeshi zifundishwe kwa historia yake. Mwanafunzi anayejua kwamba jukumu lilitoka BIOS likaenda kwenye mfumo endeshi, kisha kwenye kiendeshi, hujua pa kuanzia kutafuta.

7.0 Hitimisho

Kwa zaidi ya miaka thelathini wahandisi wamekuwa wakihamisha jukumu la usingizi wa kompyuta, na kila lilipohama, ujuzi wa kuirekebisha ulihama nalo. Kiswahili kiliingia katika kompyuta kwa heshima, lakini kupitia mlango wa mbele. Wakuu wa nchi za Jumuiya waliamua mwaka 2021 kukifanya Kiswahili, pamoja na Kifaransa, kuwa lugha rasmi za Jumuiya. Uamuzi huo utapimwa kwenye meza ya fundi wa Muyinga ambaye, mbele ya skrini nyeusi, anapaswa kumweleza mwalimu kwa lugha wanayoelewana wote wawili kwamba kompyuta yake haijafa, na kwamba kinachohitajika ni kiendeshi kimoja.